Msitu wa Karura na Kazi ya Mlinzi

Jirani zetu wa Kenya wanao msitu ndani ya mji mkuu wao wa Nairobi, nao ni Karura, wenye hekta zipatazo 1,000. Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi yafaa wayajue yaliyoupata msitu huo, kwani habari yake ni habari ya ulinzi.

Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kampuni za binafsi kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake, wakiwamo wabunge, walifika langoni na miche ya kupanda. Walinzi wa kukodiwa wakawashambulia, naye Profesa akajeruhiwa kichwani. Je, walinzi wale walikuwa wakilinda nini? Mali ya umma isiingiwe na umma! Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana, na kabla ya mwaka kwisha Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Hata hivyo wananchi waliendelea kuuogopa msitu, maana wanyang'anyi walijificha humo. Sheria ya Misitu ya 2005 ndiyo iliyowapa raia nafasi ya kushirikiana na serikali katika kuisimamia misitu. Ukajengwa uzio wa umeme, vijana wa vitongoji vya karibu wakaajiriwa kupiga doria, na mwaka 2011 Karura ikafunguliwa rasmi. Mikalitusi inaondolewa kidogo kidogo ili miti ya asili, kama mihugu, irudi mahali pake. Mbega nao wamerejeshwa. Mapango yaliyowahifadhi wapiganaji wa Mau Mau yamehifadhiwa, na wanaokuja kukimbia hukutana njiani na wanaokuja kusali. Dosari tuionayo ni kiingilio, ambacho kwa kibarua mwenye watoto wanne si kitu kidogo.

Nasi tunalo jambo la namna hiyo. Hapa Kampala, kinamasi cha Nakivubo huchuja maji machafu ya mji kabla hayajaingia Ziwa Viktoria, ambamo mji huo huo huteka maji yake ya kunywa. Watu wamelima na kujenga humo. Askari atakayetumwa kukiokoa kinamasi atamkuta mama mwenye kishamba cha magimbi, na hatua chache mbele atamkuta tajiri mwenye ghala. Tunatazamia kwamba amri atakayokuwa nayo mkononi itawataja wote wawili.