Jina Letu li Angani, Sauti Yetu i Wapi?

Katika baraza zetu za Mombasa siku hizi, mazungumzo ya bei ya samaki na mazungumzo ya siasa yamepata mwenzi wa tatu, naye ni intaneti ya nyumbani. Huyu asema waya wa kampuni fulani ndio bora. Yule asema hapana, dishi jipya linalozungumza na setilaiti ndilo mambo yote. Wa tatu alalamika kwamba hulipa kila mwezi na bado picha husimama mpira ukiwa mbele ya goli. Mimi sina ugomvi na mazungumzo hayo, kwani nami ni mlipaji. Lakini naona twabishana juu ya mwendo wa chombo wala hatuulizi kimebeba nini. Swali langu leo ni hilo. Katika mitambo hii iliyoingia majumbani mwetu, sisi watu wa pwani tumo kama wasemaji, au tumo kama watazamaji tu?

Msomaji atanistahimilia nikianza mbali kidogo, katika mchezo wa televisheni wa Kimarekani uitwao Star Trek. Wengi wa rika langu waliujua kwa mikanda ya video, enzi zile jamaa walipokuwa wakirudi kutoka Jedda na Dubai na deki ndani ya sanduku, na nyumba moja yenye deki ikawa sinema ya mtaa mzima. Mchezo wenyewe ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na ni hadithi ya chombo kinachosafiri baina ya nyota. Ukiutazama leo utacheka. Mawe ya sayari za mbali yaonekana dhahiri kuwa si mawe, na nahodha hurusha ngumi pale ambapo mtu mwenye busara angerusha salamu.

Hata hivyo, chombo hicho kilikuwa na afisa wa mawasiliano, mwanamke Mwafrika, na jina lake lilikuwa Uhura. Jina hilo limetoka katika neno letu uhuru. Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, alikwenda kujaribiwa akiwa na kitabu mkononi kiitwacho Uhuru, riwaya ya Mmarekani Robert Ruark juu ya Kenya, iliyotoka mwaka 1962. Neno likapendwa, likageuzwa kidogo, likawa jina la mtu. Haikuwa imetimia miaka 3 tangu bendera ya Kenya kupandishwa, na tayari neno la Kiswahili lilikuwa likipaa angani katika televisheni ya Marekani. Nichols alisimulia kwamba alipotaka kuuacha mchezo huo, Dkt. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki, kwa kuwa watu weusi walikuwa wakijiona ndani yake. Baadaye, tangu mwaka 1977, aliisaidia idara ya anga ya Marekani kutafuta wanawake na watu weusi wa kuwa wanaanga. Alifariki Julai 2022.

Nataka tukumbuke vipande viwili vya mchezo huo. Kipande cha kwanza kabisa kuonyeshwa kilikuwa na kiumbe kinachoweza kujigeuza sura. Kilipomwendea Uhura kilijigeuza mwanamume wa kumpendeza, kikamsemesha kwa Kiswahili. Chakula cha kiumbe hicho kilikuwa chumvi, nayo hakuinunua dukani bali aliivuta mwilini mwa binadamu mpaka binadamu akafa. Katika kipande kingine, cha mwaka 1967, mashine yenye akili yake ilifuta kumbukumbu zote za Uhura, ikabidi afundishwe upya kama mtoto. Alipokwama katika kusoma Kiingereza, kilichomtoka kinywani kilikuwa Kiswahili. Sidhani watungaji walikuwa na nia ya kutupa sisi mafunzo. Lakini mafunzo yamo, nami nitayarudia.

Jina letu halikuishia katika mchezo. Karibu na Malindi, katika ghuba ya Ngwana, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi lililosimama ndani ya bahari, wakiliita San Marco. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Wamarekani, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikapewa jina Uhuru. Hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na kiongozi wa uchunguzi huo, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Katika vitabu vya elimu ya nyota neno uhuru limeandikwa na halifutiki. Lakini chombo kilikuwa cha Marekani na jukwaa lilikuwa la Italia. Sisi tulitoa bahari na jina.

Mambo ya waya hayakwenda mbali na mtindo huo. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, nao ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza. Kisha, tangu mwaka 1970, mawasiliano ya Kenya na dunia yalipitia setilaiti, katika kituo cha Longonot. Ulipoingia wakati wa intaneti, njia hiyo ya angani ilikuwa nyembamba tena ya gharama kubwa. Ndipo Juni 2009 waya wa TEAMS ukatua Mombasa kutoka Fujairah, na Rais Mwai Kibaki akaja kuupokea. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukafuata wa EASSy. Ndani ya waya hizo mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na maneno yetu hupita humo yakiwa mwanga.

Tazama ramani, utaona Fujairah iko katika ghuba ya Omani. Njia iliyopita waya ndiyo njia ya majahazi, yaliyokuja na kaskazi yakarudi na kusi. Lakini jahazi lilikuja na tende na mazulia, likaondoka na boriti na pembe. Liliposhusha lilipakia. Waya huu washusha usiku na mchana. Je, wapakia nini kutoka kwetu?

Mimi nakaa Liwatoni, upande wa Kilindini, ambako meli zikiingia bandarini waziona kama wapita njia. Hapo waya hupitishwa juu ya nguzo, huingia dirishani, na kisanduku cha waifai huwekwa sebuleni pale palipokuwa na redio ya marehemu baba. Mji wa Kale mambo ni mengine. Kuta za matumbawe, ambazo wazee walizijenga nene ili nyumba iwe baridi, huzuia mawimbi ya waifai kama zinavyozuia jua. Kisanduku kikiwa ukumbini, chumba cha ndani hakipati kitu. Vijana wameshaijua hikima hiyo, nao huketi barazani chini ya dirisha la mwenye nayo, wakingoja nywila. Na Mombasa ni afadhali. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika Kenya nzima, nyumba zenye intaneti hazikufika 20 katika kila 100. Dishi la Starlink, lililoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, lafika hata kisiwani kusikofika waya, ila bei yake si ya mvuvi.

Tena tusidhani kwamba kitu hiki ni imara kama tunavyokiona. Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini Mombasa iliangusha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki yote ikapunguzwa mwendo. Siku kama hizo ndipo mtu ajuapo ni mambo mangapi ameyaweka mikononi mwa waya: benki, shule, daktari, na sauti ya mwanawe aliye Maskati.

Sasa nifike kwenye shina la maneno yangu. Mashine za leo zasikia na kujibu. Husema na simu nayo huandika, humwuliza nayo hujibu kwa Kiswahili fasaha cha kushangaza. Juzi mtoto wa ndugu yangu aliniletea simu akaniambia, "Ami, nena lolote, itaandika." Nikanena kwa lugha niliyozaliwa nayo: mato yaniuma. Simu ikaandika kwamba mtoto ananiuma. Yule binti akacheka mpaka akaketi. "Ami, yakwambia una mtoto akuumaye!"

Nami nilicheka, kisha nikafikiri. Mashine haina kosa. Hujifunza kama tulivyojifunza chuoni: husikilizishwa, husahihishwa, hurudia. Mtoto ambaye hajasomewa herufi hawezi kuitamka. Mashine hizo zimesomeshwa Kiswahili sanifu, na Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja. Uamuzi huo ulifanywa katika mkutano wa mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulikutana hapa hapa Mombasa. Silalamikii usanifu, kwani ndio ninaouandikia na ndio utusomeshao sote kutoka Lamu hadi Kongo. Lakini Kimvita, Kiamu na Kitikuu ndizo lugha za tenzi na za mama zetu. Zikikosekana katika mashine leo, kesho kijana atakayeuliza maana ya neno katika utenzi atajibiwa kwamba neno hilo ni makosa ya kuandika. Hapo ndipo mashine itakuwa imetufuta kumbukumbu kama alivyofutwa Uhura, ila kwetu sisi hakutabaki lugha ya kututoka kinywani.

Wako watakaosema, basi na tuikimbie. Hao nawakumbusha historia ya mji wao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakulikimbia gazeti kwa kuwa ni jambo la wageni. Alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akasema na watu wake juu ya mambo yao. Katika miaka ya 1950 Mombasa ilikuwa na stesheni yake ya redio, Sauti ya Mvita, na waliosikika humo walikuwa watu wa mji huu. Karatasi na redio zilipokuja, wazee wetu walishika kalamu na kipaza sauti. Sisi tuliopewa chombo kikubwa kuliko vyote hivyo, wengi wetu tumeshika rimoti.

Wako pia watakaosema tutoe kila kitu, tupeleke sauti zetu zote mbio. Hao nao nawakumbusha kiumbe cha chumvi. Si kila akusemeshaye kwa Kiswahili kizuri ana haja na salamu zako. Shirika la Mozilla lilianza mwaka 2021 kukusanya sauti za Kiswahili kutoka kwa watu wa kawaida, na sauti hizo huwekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Hilo ni jambo jema, na watu wetu wangeingia kwa wingi na lafudhi zao. Ila mtu na aingie akijua kwamba palipo wazi kwa mwanafunzi pako wazi kwa mfanyabiashara pia. Na kampuni inayochukua sauti bila kusema yaichukulia nini, hiyo ni ya kuulizwa kabla ya kupewa.

Kazi ya kwanza haihitaji kampuni wala serikali. Simu iliyo mfukoni mwa kila kijana yarekodi. Nyumba ina bibi ajuaye nyimbo za kuongoa watoto, majina ya samaki, majina ya vyumba vya nyumba ya mawe na maneno ya arusi. Aombwe ruhusa, asikilizwe, arekodiwe, na kilichorekodiwa kiandikwe na kihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja, maana simu huanguka majini. Walimu wa Kiswahili wa Mombasa waweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo siku ya likizo. Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipotangaza Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, hufanywa hotuba nyingi. Mwaka ujao hotuba zipunguzwe, na kila mwenye kuhudhuria aje na saa moja ya sauti ya mzee wake.

Kwani kazi ya Uhura haikuwa kupambwa kwa jina la Kiswahili. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kufungua njia ya kusema. Hiyo ndiyo sehemu yetu katika chombo hiki, nayo haitatufuata hapa kitini tulipo. Nami, kwa kuwa ada ya mshairi ni kuaga kwa wimbo, naaga kwa ubeti mmoja:

Waya umetua pwani, walala chini ya nti,
Waingia majumbani, bila hodi wala cheti,
Jina letu li angani, mbona hatuna sauti?
Tusemeni, tusemeni, tusibaki kwenye kiti.