Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wananchi wapenda haki wa Ndara, Sagalla na Voi,

Desemba 1991, kifungu cha 2A cha Katiba kilipofutwa, wengi walidhani safari ya mageuzi imefika mwisho. Tulipata haki ya kuchagua chama, lakini haki ya kuona hesabu za mali yetu hatujaipata hadi leo.

Mama anunuaye sabuni sokoni Voi hulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, papo hapo. Hana wakili wala mhasibu wa kumtetea. Kampuni ya kimataifa, kwa upande wake, yaweza kujiuzia yenyewe: tawi la Kenya huuza kwa tawi la ng'ambo, na bei hupangwa na mwenye matawi yote mawili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Jiwe la kijani limechimbwa katika nchi yetu ya Taita kwa gharama ya shilingi 80. Tawi la hapa laliuza kwa ndugu yake wa ng'ambo kwa shilingi 100, naye aliuza kwa mgeni kwa 500. Faida iliyoonekana Kenya ni shilingi 20, na kodi ya asilimia 30 ni shilingi 6. Lingaliuzwa hapa kwa bei ya haki, kodi ingalikuwa shilingi 126. Hasara haiishii Nairobi. Sheria ya Madini ya 2016 imeigawia kaunti asilimia 20 ya mrabaha, na jamii ya mahali asilimia 10. Mrabaha huhesabiwa kwa thamani ya mauzo. Bei ikipunguzwa katika karatasi, fungu la kijiji nalo hupunguzwa.

Asiwepo wa kutuambia kwamba karatasi ni mambo ya makarani. Kashfa ya Goldenberg ya miaka ya 1990 ilijengwa juu ya karatasi: Hazina ililipa fidia ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwapo. Ankara ya uongo iliifilisi nchi kuliko bunduki ya jambazi.

Sheria ilisemaje? Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973, kifungu cha 18(3), ilimruhusu Kamishna kurekebisha faida pale kampuni zenye uhusiano zinapouziana kwa namna isiyo ya kawaida. Lakini kanuni za kuonyesha bei ya haki hupimwaje hazikuandikwa kwa zaidi ya miaka 30. Matokeo yake yalionekana mahakamani. Kamishna aliitoza Unilever Kenya kodi zaidi kwa miaka ya 1995 na 1996, kwa kuwa iliiuzia Unilever Uganda bidhaa kwa bei ya chini kuliko ya wateja wengine. Oktoba 2005 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa kampuni. Kwa kuwa Kenya haikuwa na kanuni zake, mahakama iliona ni halali kufuata mwongozo wa OECD, jumuiya ya mataifa tajiri yenye makao Paris. Hatuilaumu mahakama. Twawalaumu waliokaa Bungeni na Hazina miaka yote hiyo bila kuandika.

Kanuni zilikuja 2006, nazo ziliamuru hati ziandaliwe au zitafsiriwe kwa Kiingereza, zitolewe Kamishna anapoziomba. Asipoomba je? Sheria ya Fedha ya 2022 ilikaza kamba: makundi makubwa, yenye mapato ya shilingi bilioni 95 au zaidi, yatoe taarifa ya nchi moja moja. Hiyo ni hatua njema. Hata hivyo taarifa hizo huishia katika kabati la Kamishna. Kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ilileta makubaliano ya bei ya kabla, yanayoweza kudumu miaka 5. Mapatano ya faraghani kati ya mkubwa na mkubwa, twayajua yalitufikisha wapi.

Watatujibu kwamba hizo ni siri za biashara. Basi mbona Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la 2021, umeyataka makundi makubwa yatangaze hadharani faida na kodi zao? Kisichokuwa siri kwa Mzungu kinakuwaje siri kwa Mtaita? Katiba yetu ya 2010, ibara ya 35, yatupa haki ya habari. Ibara ya 201 yataka uwazi katika fedha za umma na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ibara ya 7 yakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kwanza, taarifa za nchi moja moja zitangazwe kwa umma. Pili, kila makubaliano ya bei ya kabla yapelekwe Bungeni na muhtasari wake uchapishwe kwa Kiswahili. Tatu, kila mchimbaji mkubwa wa madini katika kaunti yetu aonyeshe anamuuzia nani, kwa bei gani, na kama mnunuzi ni ndugu yake.

Enyi waumini, nabii Amosi aliwakemea waliochezea vipimo na mizani ili kumnyonya maskini. Ankara ya uongo ni mizani ya uongo. Lisemeni jambo hili katika jumuiya zenu, mwandikieni mbunge wenu, mwulizeni mgombea kabla ya kumpa kura. Akishindwa kujibu, mmekwisha kumjua.