Nyatiti na Umeme

Wako watu wasemao kuwa sauti ya nyatiti ikitiwa katika kompyuta, ikakatwa, ikavutwa na kuungwa upya kwa umeme, mila imetukanwa. Nia yao ni njema, lakini si kila nia njema huzaa hoja njema.

Natuitazame ala yenyewe. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huketi chini juu ya kigoda, hudonoa nyuzi kwa vidole, huimba, hutikisa njuga mguuni, na kwa pete ya chuma iliyo katika kidole cha mguu hugonga ubao wa ala. Zamani nyuzi zake zilikuwa kano za ng'ombe. Siku hizi ni nailoni, uzi ule ule ambao wavuvi wa Rusinga huutumia ziwani. Aliyeikubali nailoni ya kiwandani ataukatazaje umeme?

Historia nayo haiwaungi mkono. Wapiga gitaa wa kandokando ya Ziwa Viktoria, miongoni mwao D. O. Misiani aliyefariki mwaka 2006, waliuhamishia udonoaji wa nyatiti katika gitaa, na benga ikastawi. Nyatiti haikufa kwa sababu hiyo. Wala jambo hili si geni duniani. Mwaka 1944, huko Kairo, Halim El-Dabh alinasa sauti za ngoma ya zari katika waya wa sumaku, akazigeuza kwa mitambo. Wafaransa walianza kazi ya namna hiyo mwaka 1948. José Maceda, mtaalamu wa patu za Ufilipino, alirusha utungo wake kwa redio nyingi za Manila kwa pamoja tarehe 1 Januari 1974. Nani atasema kuwa watu hao waliyatukana makwao?

Hatari ya kweli iko mahali pengine. Wasuba wa Rusinga walikuwa na lugha yao, na leo wengi wao husema Kijaluo. Lugha ile haikufifia kwa kuchezewa, bali kwa kuachwa. Ala nayo iwekwayo kabatini kwa heshima huachwa vivyo hivyo.

Yako pia madhara ya upande wa pili. Mwaka 2018 Kanye West alitumia sauti za wimbo "Kothbiro" wa bendi ya Black Savage ya Kenya, na majina ya Ayub Ogada na James Mbarack Achieng yakaandikwa miongoni mwa watunzi. Ndivyo ipasavyo. Lakini wimbo wa mzee wa kijijini, usio na hati wala jina, nani ataulinda ukichukuliwa na mgeni mwenye kinasa sauti?

Basi kijana wa Rusinga aketi kwanza kwenye kigoda, ajifunze kwa mzee, aandike jina la mzee huyo na kumlipa ujira wake. Kisha aufungue mtambo wake bila hofu na kutunga yasiyopata kusikiwa. Asipofanya hivyo yeye, watafanya wengine wasiomjua mzee wala kigoda. Mcheza kwao hutunzwa. Asiyecheza kwao ataisikia ngoma yake ikiuzwa ugenini.