Nyumba ya Mjane si Nyara

Kuna wizi mmoja ambao kwetu hauitwi wizi. Unafanyika mchana, mbele ya wazee, watu wakiwa wangali wanalia. Mtu amekufa, siku ya nne au ya tano jamaa zake wanaingia nyumbani, wanahesabu viti, wanachukua cherehani, redio na sufuria kubwa, halafu wanamwambia mjane: Sasa, mama, tupe makaratasi ya lupango.

Mwaka jana nilikuwa katika matanga ya namna hiyo, hapa kwetu Katanga. Mpwa wa marehemu, kijana msomi mwenye tai shingoni, alifunga mlango kwa kufuli yake mwenyewe, na mama yule akalala barazani pamoja na watoto watano. Wakristu tulikuwapo wengi. Tulikuwa tumemaliza tu kusali rozari. Hakuna aliyesema neno, hata mimi ninayeandika sikusema.

Kijana alikuwa na jibu lake tayari: ni desturi ya wazee. Siku ile nilinyamaza. Basi leo namjibu.

Ni kweli kwamba kwa Wabemba, Walamba na Watabwa ukoo unafuata upande wa mama, na mrithi wa mtu alikuwa ndugu yake au mtoto wa dada yake, si mtoto wake wa kumzaa. Lakini mrithi huyo alirithi nini? Alirithi jina la mfu, na madeni yake, na mashauri yake yasiyokwisha, na kazi ya kulisha wale aliowaacha. Wazee walipomkabidhi upinde walimkabidhi na watu. Shamba nalo hakuna aliyeliuza, kwa maana ardhi ilikuwa ya ukoo wote. Mtu aliyetaka bunduki na kukataa yatima angalichekwa na kijiji kizima. Kumbe vijana wetu wameikata desturi vipande viwili: kile kitamu wamekila, kile kichungu wamemtupia mjane. Wazee wakifufuka, nadhani hawataitambua desturi yao.

Tena lupango ya mjini si shamba la ukoo. Mume alipokea mshahara mgodini, sawa; lakini ni nani aliyeuza samaki na mandazi sokoni ili mifuko ya simenti inunuliwe? Wale baba wadogo na wajomba walikuwa wapi siku ya kubeba matofali?

Wengine wanasema, hayo ni mambo ya sheria za Wazungu. Si kweli. Sheria ya Jamaa, namba 87-010, ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987, miaka 27 baada ya uhuru, nayo ilitungwa na Wakongo wenyewe. Mwaka 2016 ikarekebishwa. Sheria hiyo inasema kwamba mume na mke wasipochagua namna nyingine siku ya ndoa, mali waliyoipata katika ndoa yao ni ya wote wawili. Kwa hiyo kabla ya kugawa urithi, fungu la mjane linatolewa kwanza. Hilo si urithi, ni mali yake.

Kinachobaki ndicho urithi. Watoto wanapata robo tatu, wakigawana sawasawa, msichana kama mvulana. Robo nyingine ni ya makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Makundi yote matatu yakiwapo, kila moja linapata sehemu 1 katika 12. (Kwangu mimi hiyo ni haba mno kwa mke aliyekaa na mumewe miaka thelathini, na ningependa watunga sheria wasikie.) Wajomba na baba wadogo hawapati kitu wakiwapo hao. Na mpwa? Ikiwa mama yake angali hai, yeye hana fungu. Ikiwa amekufa, anaingia mahali pake katika fungu la ndugu, basi.

Sasa nifike penye jambo ambalo wengi hawalijui, hata walimu. Sheria ile inampa mjane haki juu ya mali ambayo si yake peke yake: haki ya kukaa katika nyumba waliyokaa na mumewe, na kutumia vyombo vilivyomo, na tena nusu ya matumizi ya ardhi inayoshikamana nayo ambayo walikuwa wanailima. Fikirini mwembe. Mti ni wa watoto, maembe ni ya mama. Yeye hawezi kuukata mti wala kuuza shina, tena lazima autunze vizuri. Lakini watoto nao hawawezi kumnyang'anya maembe kwa kusema mti ni wao. Hata warithi wa kweli, waliotoka tumboni mwake, hawana ruhusa ya kumtoa nje. Je, mpwa mwenye kufuli? Mjane akiolewa tena anaweza kuipoteza haki hiyo, lakini hiyo ni kazi ya hakimu kuamua, si ya jamaa waliokusanyika wakinywa pombe ya matanga.

Na makaratasi wanayoyapigania kwa nguvu? Tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 udongo wote ni wa Serikali. Mtu anapewa ruhusa ya kuutumia, na jina lake linaandikwa katika kitabu cha Serikali. Kuweka cheti cha marehemu mfukoni hakukugeuzi kuwa mwenye lupango. Anayeinunua kwako atalia mbele ya tribinali.

Lakini kuna mlango mmoja ambao sisi Wakristu tunauacha wazi. Wengi wetu tumefunga ndoa kanisani, tukapiga picha, tukala, tukasahau komini. Mbele ya hakimu cheti cha padri peke yake hakitoshi. Ndoa isiyoandikwa katika ofisi ya komini inawapa wale jamaa nafasi ya kusema mama huyu hakuwa mke. Ndivyo walivyosema katika matanga yale. Hata ndoa ya kikwetu, ambayo mahari yake imelipwa mbele ya jamaa mbili, inaweza kuandikwa huko. Mume aende na mkewe na mashahidi wao, angali ana nguvu za kutembea.