Jasho la Msomaji
Wako wauzao vitabu vya kielektroniki wadaio kuwa mnunuzi hununua ruhusa ya kusoma tu. Dai hili lina dhuluma ndani yake. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell, 1984, katika Kindle za watu waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Mwanafunzi mmoja wa Michigan akabaki na maelezo yaliyoelekeza kwenye kurasa zisizokuwapo. Kitabu kina mwenyewe. Lakini uteuzi wa mistari na maoni ya pembeni ni jasho la msomaji. Kumwekea kikomo cha kuyatoa ni kumnyang'anya. Basi mwanafunzi asingoje hisani: kila amalizapo sura, ayanakili daftarini mwake. Mali bila daftari hupotea bila habari.