Kabla ya kuuza ng'ombe umsomeshe mtoto kompyuta

Msimu uliopita mfanyabiashara mmoja wa mahindi katika soko la Kibaigwa, mkoani Dodoma, aliniuliza swali linalowasumbua wazazi wengi. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na anataka kuwa mwandishi wa programu za kompyuta. Je, auze ng'ombe wawili ampeleke chuo cha kompyuta kilichopo mjini, au ampeleke kidato cha tano?

Hili ni suala la uwekezaji kama lilivyo suala la mbegu. Kabla ya kununua, mkulima huuliza mbegu hiyo imestawi katika udongo gani. Na sisi tuulize: wanaofanikiwa katika kazi hii wametokea katika masomo gani?

Historia inaonyesha kuwa njia ni nyingi. Grace Hopper, mmoja wa waasisi wa fani hii nchini Marekani, alikuwa na shahada ya uzamivu ya hisabati aliyoipata mwaka 1934, kabla kompyuta za leo hazijakuwepo. Margaret Hamilton, aliyeongoza uandishi wa programu za safari za Apollo kwenda mwezini, naye alisomea hisabati. Lakini Larry Wall, aliyebuni lugha ya kompyuta iitwayo Perl mwaka 1987, alisomea isimu, yaani elimu ya lugha.

Hesabu na lugha vyote vinamzoeza mtu kufuata kanuni na kupanga hoja hatua kwa hatua. Kompyuta haibahatishi maana kama jirani yako anavyofanya. Ukikosea hatua moja, inatekeleza kosa hilo hilo.

Hapa ndipo penye tatizo letu. Kwa miaka mingi hisabati imekuwa somo linaloongoza kwa kufelisha wanafunzi wa kidato cha nne nchini. Mwanafunzi mwenye hesabu nzuri anayekwenda kusoma Fizikia, Kemia na Hisabati, au hata Uchumi, Jiografia na Hisabati, anajifungulia milango mingi kuliko anayekimbilia cheti cha miezi michache cha kuchapa barua. Kujua kutumia kompyuta na kujua kuiandikia programu ni vitu viwili tofauti, na baadhi ya wazazi wamelipia cha kwanza wakidhani wamenunua cha pili.

Hata hivyo, hesabu peke yake haitoshi. Chukua mfano wa mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005. Anayeandika programu ya ghala la korosho lazima ajue madaraja ya zao, upungufu wa uzito, na makato yanayofanyika kabla mkulima hajalipwa. Asipojua, programu itafanya kazi vizuri kwenye meza yake na kumpunja mkulima ghalani. Nchini Kenya, huduma ya iCow, inayotuma ushauri kwa wafugaji kupitia simu ya mkononi, ilibuniwa na Su Kahumbu, mkulima wa kilimo hai. Wazo lilitoka shambani.

Kwa mantiki hiyo, kijana aliyekua akipima magunia na kuandika daftari la mkopo wa duka ana mtaji ambao mwenzake wa mjini hana. Asiuone kuwa ni aibu.

Aidha, tangu mwishoni mwa mwaka 2022 zimeenea programu za akili bandia zinazoweza kuandika sehemu ya kazi hii zenyewe. Anayejua kunakili tu yuko hatarini. Anayeelewa tatizo la mteja na anayeweza kukagua kama jibu ni sahihi bado anahitajika.

Ushauri wangu kwa mzazi ni huu. Kwanza, angalia alama ya hisabati na Kiingereza, kwani maelekezo mengi ya fani hii yako katika lugha hiyo. Pili, kabla ya kulipa ada, tembelea chuo na uulize: kimesajiliwa? Kila mwanafunzi anakaa kwenye kompyuta saa ngapi kwa wiki? Waliomaliza wametengeneza nini? Tatu, mpe kijana kazi ndogo: aandike programu ya kujumlisha mauzo ya duka lako. Akiikamilisha baada ya kukosea mara kumi, ana moyo wa kazi hii.

Yule mfanyabiashara wa Kibaigwa nilimwambia auze ng'ombe mmoja tu, anunue kompyuta iliyotumika, na mtoto aende kidato cha tano. Ng'ombe wa pili abaki zizini hadi ada ya chuo kikuu itakapohitajika.