Samaki wa Maziwa ya Kaskazini

Jamaa zetu walioko Minnesota na Ontario huvua katika maziwa madogo, matulivu, wakampata walai mwenye macho yang'aayo na paiki mwenye meno kama mzia. Wote wawili ni halali na watamu. Lakini hula samaki wenzao, hivyo zebaki iletwayo na mvua hujikusanya katika minofu yao. Kadiri samaki akuavyo ndivyo izidivyo, wala haiondoki kwa kupikwa. Nayo hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Basi twawanasihi dada zetu wajawazito na wanyonyeshao: chagueni samaki wadogo, mfuate mwongozo wa afya wa ziwa husika. Chakula chetu kiwe halali, na kiwe chema.